Tulivyochagua Mashine ya Kurekodi Nyumbani

Ndugu msomaji, mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya kisomo vijijini. Watu hunijua kama mtu wa kufundisha wengine. Leo nitaeleza kosa langu mwenyewe. Nililificha kosa hilo kwa miaka 25. Lilianza na mashine ya kurekodi picha za video. Lilikwisha siku tuliponunua mashine nyingine.

Soma polepole. Huenda na wewe unafikiria kununua mashine ya namna hiyo kwa ajili ya jamaa zako.

1. Mashine ya mjomba

Nilikulia Temeke, Dar es Salaam. Baba alikuwa dereva wa lori. Mama alikuwa mama wa nyumbani, na alikuwa akiuza maandazi asubuhi. Tulikuwa watoto watatu: dada, kaka na mimi, kitinda mimba.

Mjomba wetu alikuwa baharia. Mwaka 1996 alirudi kutoka Dubai na zawadi kubwa. Ilikuwa mashine nyeusi, pana kama sinia, yenye mdomo mbele. Watu waliiita deki. Unaingiza mkanda mdomoni, deki inaumeza, na picha zinatokea kwenye televisheni. Tena deki ile iliweza kurekodi. Kipindi kikipita kwenye televisheni, unaweza kukinasa na kukitazama siku nyingine.

Jirani yetu naye aliletewa deki, lakini yake ilitoka Marekani. Aliichomeka ukutani siku ile ile. Ikatoa moshi, ikafa. Fundi alimweleza sababu. Umeme wa Marekani una nguvu ya volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Deki ya mjomba ilitoka mahali penye umeme unaokaribiana na wetu, kwa hiyo ilifanya kazi vizuri.

Deki yetu ilikuwa na vitufe vingi. Juu ya vitufe kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza. Baba aliweka sheria. Watoto wasiiguse deki. Mama alipewa kazi ya kuipangusa vumbi tu. Mama hakujua kusoma. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama akaanza darasa kijijini kwao Muheza. Alihudhuria miezi michache. Halafu aliolewa, akahama, akaacha.

2. Harusi ya dada

Mwaka 1997 dada aliolewa. Baba alimlipa mpiga picha wa video. Yule bwana alikuja na kamera kubwa aliyoibeba begani. Alirekodi tangu asubuhi nyumbani mpaka usiku ukumbini.

Asubuhi ile, kabla ya dada kutoka, baba alisimama uani akazungumza naye. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo alizungumza kwa muda mrefu. Mama alilia. Shangazi zangu walilia. Mimi nilikuwa na miaka 10, nikilinda viatu vyangu vipya visikanyagwe. Sikusikiliza vizuri. Nilijua maneno yale yamo kwenye mkanda, na nitayasikia siku yoyote.

Mpiga picha alituletea mkanda wa saa tatu ndani ya boksi jeupe. Juu ya boksi hakuandika kitu. Nasi hatukuandika kitu. Tuliutazama mara moja, jamaa wote pamoja. Kisha mkanda ukawekwa kabatini pamoja na mikanda mingine.

3. Usiku wa mpira

Tarehe 12 Julai, 1998, ilikuwa Jumapili. Ilikuwa siku ya fainali ya Kombe la Dunia huko Ufaransa. Ufaransa walicheza na Brazil. Mpira ulianza saa nne usiku kwa saa zetu. Baba alikuwa safarini Mbeya. Mama alituamuru tulale mapema, kwa sababu kesho yake kulikuwa na shule.

Mimi nilikuwa nimejifunza siri ya deki. Iliweza kurekodi yenyewe wakati watu wamelala. Unaiwekea saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa ya deki haikuhesabu kama sisi. Saa nne usiku iliandikwa 22:00. Nililijua jambo hilo, na nilijiona mtaalamu. Nilikuwa darasa la tano. Nilisoma maneno ya vitufe moja moja. Nilichukua mkanda kabatini, ule wa boksi jeupe usioandikwa kitu. Nilidhani ni mkanda mtupu. Nikautia, nikapanga saa, nikaenda kulala.

Alfajiri niliamka kabla ya wote. Nilirudisha mkanda nyuma, nikapunguza sauti, nikatazama. Mpira ulikuwemo. Zidane alifunga mabao mawili kwa kichwa. Ufaransa walishinda 3 kwa 0. Nilifurahi sana. Nikauacha mkanda uendelee. Mpira ukaisha, picha ikaruka, na mara nikamwona dada amevaa shela. Watu walikuwa wakicheza ngoma ukumbini.

Mwili wote ulikufa ganzi. Nilirudisha mkanda tena mpaka mwanzo. Baba hakuwapo. Uani hapakuwapo. Palikuwa na wachezaji wakiimba nyimbo za mataifa yao.

Niliurudisha mkanda kabatini. Sikumwambia mtu.

4. Lawama

Mwishoni mwa mwaka ule dada alikuja na mama mkwe wake. Walitaka kutazama harusi. Baba aliutia mkanda. Wageni wakaona mpira.

Baba aliuliza nani amefanya hivi. Wote tulinyamaza. Kaka akasema hakuwa na habari. Mimi nikatazama chini. Kisha shangazi mmoja akasema, "Anayeigusa deki hii kila siku ni nani? Si mke wako anayepangusa vumbi? Naye kusoma hajui. Bila shaka amebonyeza asichokijua."

Nilimtazama mama. Nilitegemea atakataa. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Labda ni mimi. Kuna siku ilikuwa inalia, nikabonyeza inyamaze."

Ndugu msomaji, maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Mama hakusema uongo. Alikubali kosa kwa sababu aliamini kwamba mtu asiyejua kusoma ndiye anayeharibu vitu. Na mtoto wake aliyejua kusoma alikaa pale pale, kimya.

Tangu siku hiyo mama hakugusa tena mashine yoyote. Redio aliwashiwa. Pasi ya umeme hakuishika. Baba alifariki mwaka 2004, na mama akarudi kwao Muheza. Tulimnunulia simu ndogo. Alikuwa akiwapa watoto wa jirani wampigie. Ukimwambia, "Mama, bonyeza hapa," alijibu, "Mimi huharibu, mwanangu."

5. Kwa nini maneno ya baba hayakurudi

Baadaye nilimwuliza fundi kama maneno ya baba yanaweza kupatikana. Alinifungulia mkanda mbovu, akanionyesha ndani. Mkanda ni utepe mrefu mwembamba. Umepakwa unga unaoshika nguvu ya sumaku. Picha na sauti huandikwa kwenye unga huo. Ukirekodi upya, utepe hupita kwanza mahali pa kufutia, halafu mahali pa kuandikia. Ni kama mwalimu anayefuta ubao kabla ya kuandika somo jipya. Somo la jana halionekani tena.

Fundi alinionyesha jambo jingine. Kwenye ubavu mmoja wa mkanda kulikuwa na kijipande kidogo cha plastiki, kama ukucha. Kazi yake ni kuulinda mkanda. Ukishakivunja, deki hukataa kurekodi juu yake. Ukitaka kurekodi tena, unaziba tundu lile kwa utepe wa gundi. Kuvunja kijipande kile ni kazi ya dakika moja. Hakuna aliyetuambia.

Kwa hiyo mambo mawili madogo yangeokoa maneno ya baba. La kwanza, kuvunja kijipande cha plastiki. La pili, kuandika juu ya boksi: Harusi, 1997. Mimi nilijua kusoma, lakini hapakuwa na kitu cha kusoma.

6. Siku niliyosema

Mwaka 2023 nilikuwa katika darasa moja la kisomo. Nilileta redio ili tusikilize kipindi cha kilimo. Nilimwomba mwanakisomo mmoja, mama wa makamo, aiwashe. Akarudisha mikono nyuma. Akasema, "Mwalimu, nisije nikaiharibu. Sisi wajinga huharibu vitu."

Nilisimama pale nisijue la kusema. Nilisikia sauti ya mama yangu.

Jumamosi ile nilipanda basi kwenda Muheza. Nilimkuta mama anamenya machungwa kibarazani. Nikamwamkia, nikakaa. Nikamweleza yote: boksi jeupe, saa ya deki, alfajiri ile.

Mama aliendelea kumenya. Baadaye aliweka kisu chini. Akauliza, "Na siku ile mkwe wa dada yako amekuja, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, mama."

Hakusema neno tena. Alikwenda jikoni. Usiku alinipa chakula bila kukaa nami. Asubuhi, wakati naaga, alitoka nje akasema, "Miaka yote hii nimewaogopa watoto wadogo wanaoshika simu. Kumbe sikuharibu kitu."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Maneno ya baba yako mimi nayakumbuka. Nitafutieni mashine ya kurekodi. Lakini iwe mashine ambayo mimi mwenyewe naiendesha. Sitaki ya kushikiwa."

7. Ipi ni rahisi?

Niliwapigia dada na kaka. Niliwaambia mama anataka mashine ya kurekodi. Sababu yenyewe sikuwaambia bado. Tulichanga fedha.

Dada alitaka kamera ya video, kwa sababu picha zake ni nzuri. Kaka alitaka simu kubwa ya bei ya juu, yenye kamera tatu mgongoni. Kila mmoja alisema chaguo lake ni rahisi kutumia. Lakini rahisi kwa nani? Hilo ndilo swali.

Nikaanza kusoma habari za mashine hizi. Nilitaka kujua watu wa zamani walichaguaje. Mashine ya kwanza ya kurekodi picha kwenye mkanda iliyofanya kazi vizuri ilitokea Marekani mwaka 1956. Ilitengenezwa na kampuni ya Ampex. Ilikuwa kubwa kama kabati, ya vituo vya televisheni tu. Mashine za nyumbani zilikuja baadaye. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza aina iliyoitwa Betamax. Mwaka 1976 kampuni ya JVC, nayo ya Japani, ikaleta aina ya VHS. Mkanda wa aina moja haukuingia kwenye mashine ya aina nyingine.

Wataalamu wengi walisema picha ya Betamax ilikuwa bora kidogo. Lakini mkanda wa Betamax wa mwanzo ulichukua saa moja tu. Wa VHS ulichukua saa mbili. Filamu nzima iliingia. Tena viwanda vingi vilitengeneza VHS, na watu waliweza kuazimana mikanda na majirani. VHS ikashinda. Deki ya mjomba ilikuwa ya VHS. Utengenezaji wa deki hizo ulikwisha mwaka 2016.

Nilipata somo hapa. Mashine bora si lazima iwe ile yenye picha nzuri kuliko zote. Mashine bora ni ile inayofanya kazi unayoihitaji, mahali unapoishi, pamoja na watu ulio nao.

8. Mama dukani

Tulikwenda na mama dukani Kariakoo. Muuzaji alichukua kamera ya video, akafungua kioo chake, akabonyeza huku na kule haraka haraka. Akasema, "Umeona, mama? Rahisi sana."

Mama akajibu, "Wewe unajua, mwanangu. Hiyo si ajabu. Nipe mimi."

Muuzaji akacheka, akampa. Mama aliomba aonyeshwe polepole mara moja. Kisha akajaribu mwenyewe. Mimi nilihesabu hatua. Kufungua kioo, moja. Kuwasha, mbili. Kuchagua video badala ya picha ya kawaida, tatu. Kurekodi, nne. Mpaka hapo alifika. Lakini kutazama alichorekodi kulihitaji kitufe kidogo sana chenye maandishi ya Kiingereza. Kumpelekea dada kulihitaji waya na kompyuta. Mama hana kompyuta. Akaiweka chini.

Akachukua simu kubwa aliyoisifu kaka. Kioo chake kiliitikia kabla kidole hakijatua. Mama alitaka kurekodi, ikafunguka picha nyingine, kisha nyingine. Alama zilikuwa nyingi kama nzi juu ya embe. Akaiweka chini.

Mara ya tatu alichukua simu ya kawaida ya kupangusa, ya bei ya kati. Nilimwomba muuzaji abadili lugha ya simu iwe Kiswahili. Wengi hawajui, lakini simu nyingi za kupangusa zinaweza kubadilishwa hivyo. Kisha tukaondoa alama zote kwenye uso wa kwanza wa kioo. Tulibakiza nne tu: simu, kamera, picha na tochi.

Mama aligusa kamera. Akagusa neno Video. Pakatokea duara jekundu. Akaligusa, simu ikaanza kurekodi. Akaligusa tena, ikasimama. Kisha akafungua picha, akaona kile alichokirekodi: tumbo la muuzaji na vidole vyangu. Akacheka sana. Akarudia mara tatu bila kusaidiwa. Mara ya tatu akasema, "Hii ndiyo."

Nilimwonyesha jambo moja. Alama zile zile za deki ya mjomba zimebaki mpaka leo. Pembetatu iliyolala ni kuanza kuonyesha. Mistari miwili iliyosimama ni kutulia kidogo. Mraba ni kusimamisha. Duara jekundu ni kurekodi. Alama hizi hazihitaji Kiingereza. Mama akasema, "Basi tangu zamani ningeweza kujifunza."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ungeweza."

9. Rekodi ya kwanza

Tulirudi Muheza. Jioni mama aliegemeza simu kwenye bakuli, juu ya meza. Niliketi mbele yake. Nilidhani atanionyesha tu kwamba hajasahau. Akagusa duara jekundu. Namba zikaanza kuhesabu. Akaniambia, "Haya. Sema tena yale uliyoniambia kibarazani. Sema dada yako na kaka yako wasikie."

Nilitaka kucheka, lakini mama hakuwa akicheka. Nikasema yote. Nilisema mimi ndiye niliyefuta harusi ya dada. Nilisema mama hakubonyeza kitu. Niliomba radhi. Mama aligusa duara, rekodi ikasimama. Nilimwelekeza namna ya kutuma, naye akatuma kwa kidole chake mwenyewe.

Kaka alipiga simu, akacheka, kisha akanigombeza. Dada hakupiga mpaka siku ya tatu. Alipopiga alisema, "Ningependa ungesema baba akiwa hai." Sikuwa na jibu. Sina jibu mpaka leo.

Siku iliyofuata mama alivaa kitenge chake kizuri. Akaegemeza simu kwenye bakuli, akaketi yeye. Akasema maneno ya baba ya asubuhi ile ya mwaka 1997. Alisema baba alimwambia dada hivi: "Mwanangu, kitanda chako hatukitoi. Kitabaki pale pale. Usikae mahali unapoumia kwa kudhani huna pa kulala."

Mama alimtumia dada. Dada akajibu kwamba baba hakusema kitanda, alisema mkeka. Mama akashika kwamba ni kitanda. Wanabishana mpaka leo, na hakuna wa kuwaamua. Mkanda ungeamua. Lakini mkanda ule sasa una saa moja tu ya harusi. Baba anaonekana mara mbili, nyuma ya watu, anapiga makofi. Sauti yake haisikiki.

10. Ukitaka kununua

Ndugu msomaji, kabla ya kununua mashine ya kurekodi, jiulize maswali haya.

Kwanza, nani ataitumia? Kama ni bibi, nenda na bibi dukani. Usimchagulie.

Pili, ni hatua ngapi mpaka irekodi? Zihesabu. Kisha hesabu hatua za kutazama ulichorekodi. Mtumiaji ajaribu mara tatu kwa mkono wake, si kwa mkono wa muuzaji.

Tatu, umeme ni wa namna gani? Soma maandishi madogo kwenye chaja. Yakisema 100 mpaka 240, inafaa kwa umeme wetu. Kama kijijini hakuna umeme, uliza kama inaweza kuchajiwa kwa mwanga wa jua.

Nne, rekodi zitakaa wapi? Video hujaza nafasi haraka. Uliza kama simu inapokea kadi ya kuhifadhia, ile tunayoiita memori.

Tano, ikiharibika, fundi yuko karibu?

Na ukishanunua, fanya mambo mawili. Weka nakala ya rekodi zako muhimu mahali pawili, katika nyumba mbili tofauti. Simu huibwa, na simu huanguka majini. Kisha andika. Andika jina la rekodi, tarehe, na watu waliomo. Kama una mikanda ya zamani nyumbani, usingoje. Mikanda huota ukungu, hasa sehemu za pwani. Mijini wako mafundi wanaohamisha picha za mikanda kwenye kompyuta. Wapelekee mapema.

Mama alianza kisomo mwaka 2024. Ana daftari dogo, na ndani yake huandika kila anachorekodi. Mwandiko wake ni mkubwa, na mistari hupanda mlima. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika maneno mawili: Maneno ya Baba. Chini yake ameandika: Kitanda.

Mazungumzo

1. Kwa nini mama alikubali kosa ambalo hakulifanya?
2. Mwandishi alijua kusoma. Kwa nini hata hivyo alifuta mkanda?
3. Je, katika kijiji chenu wako watu wanaoogopa kugusa redio au simu? Mnaweza kuwasaidiaje?
4. Ni maneno ya nani ungependa kuyarekodi mwaka huu, kabla hujachelewa?